Kugeuza, Kupima na Kuandika: Historia ya Utafiti wa Uuguzi kwa Wagonjwa wa Ubongo na Uti wa Mgongo

Katika maradhi mengi tiba yenyewe hutoka kwenye dawa au kwenye kisu cha mpasuaji, naye muuguzi hulinda kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Maradhi na majeraha ya ubongo, uti wa mgongo na neva, yaani nyuzi zinazopeleka amri na hisia mwilini, hayakufuata mpango huo kwa sehemu kubwa ya historia yake, kwa kuwa mtu aliyevunjika uti wa mgongo au aliyelala bila fahamu hakuwa na dawa ya kumponya, na kuishi kwake au kufa kwake kulitegemea aliyemgeuza, aliyemsafisha, aliyemnywesha na aliyemtazama usiku. Hata hivyo kazi hiyo ilifanywa kwa karne nyingi kama desturi inayopokewa na kurithishwa, na haikugeuka kuwa elimu mpaka pale watu walipoanza kuhesabu matokeo yake na kuuliza ni tendo lipi linalookoa, lipi halina faida, na lipi linadhuru. Utafiti wa uuguzi wa kitabibu, kwa maana inayotumika hapa, ni uchunguzi wa kitaratibu wa matendo hayo kando ya kitanda cha mgonjwa. Historia yake ni fupi kuliko inavyodhaniwa, na mara nyingi majina yaliyobaki vitabuni si ya wale walioshika kalamu wakati wa zamu ya usiku.

Kukata tamaa ndiko kulikotangulia. Mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, aliyeyanunua Luxor mwaka 1862, yalinakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo na yana maelezo ya wagonjwa 48 wa majeraha, na ndani yake mtu ambaye pingili za shingo yake zimehama hata asihisi mikono wala miguu anahesabiwa kuwa na ugonjwa usiotibiwa. Hukumu hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 3,000, na haikuwa ya kijinga, maana wagonjwa wa namna hiyo walikufa kweli. Kilichowaua, lakini, mara nyingi hakikuwa jeraha lenyewe. Walikufa kwa vidonda vya kulalia, yaani vidonda vinavyotokea pale ngozi na nyama zinapobanwa kati ya mfupa na kitanda hata damu isipite, na kwa maambukizi ya mkojo uliokwama katika kibofu na kupanda hadi kwenye figo.

Katika karne ya 19 swali la vidonda hivyo liligawanya wataalamu, na mgawanyiko huo unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu ndani yake kulikuwa na swali kubwa zaidi, yaani kama kazi ya muuguzi ina uzito wowote mbele ya ugonjwa. Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis katika kisiwa cha Mauritius mwaka 1817, alifanya majaribio kwa wanyama waliokatwa uti wa mgongo, na mnamo mwaka 1853 alieleza kwamba mnyama aliyepooza hakupata vidonda iwapo ngozi yake iliwekwa safi na kavu na kuepushwa na mgandamizo. Maana ya matokeo hayo ilikuwa wazi: kidonda hakitoki kwenye neva iliyoharibika, bali kwenye kitanda. Baadaye, huko Paris, Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, aliyekuwa na sauti kuliko mtu mwingine yeyote katika elimu ya neva ya wakati wake, alifundisha kinyume chake, kwamba uharibifu wa ubongo au uti wa mgongo wenyewe huiozesha ngozi, na kwamba kidonda kinachotokea mapema kwa mgonjwa wa kiharusi ni ishara ya kifo kinachokaribia. Nadharia ya Charcot ndiyo iliyosikilizwa zaidi, na hasara yake haikuishia vitabuni, kwani muuguzi aliyeambiwa kwamba kidonda kimeandikwa ndani ya neva hakuwa na sababu ya kuamka usiku kumgeuza mgonjwa. Florence Nightingale, katika kitabu chake kuhusu uuguzi kilichotoka London mwishoni mwa mwaka 1859, alikuwa tayari amekwisha kusema bila kupepesa kwamba kidonda cha kulalia kwa kawaida ni kosa la uuguzi wala si la ugonjwa. Alisema kweli kwa sehemu kubwa, ila aliisema kama karipio, na karipio si ushahidi. Wauguzi waliomfuata walirithi lawama bila kurithi njia ya kujua ni nini hasa kinachozuia kidonda.

Katika kipindi hichohicho hospitali ya kwanza ya Uingereza kwa ajili ya waliopooza na wenye kifafa ilianzishwa katika uwanja wa Queen Square, London, kwa juhudi za ndugu wa familia ya Chandler, akiwamo Johanna Chandler, waliokuwa wamemwona bibi yao aliyewalea akipooza bila kupata mahali pa kumtunza. Brown-Séquard alikuwa miongoni mwa madaktari wake wa kwanza. Hospitali hiyo ilikuza elimu ya kutambua maradhi ya neva kuliko nyingine yoyote ya wakati wake, lakini kutambua ni jambo moja na kutunza ni jingine, na miaka zaidi ya hamsini baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari walio wengi waliopigwa risasi kwenye uti wa mgongo waliendelea kufa, wengi wao katika wiki za mwanzo.

Mabadiliko yalianzia sehemu mbili. Huko Boston, Donald Munro alifungua mwaka 1936 wodi ya wagonjwa wa uti wa mgongo katika hospitali ya jiji, akasisitiza kugeuzwa kwao na kuoshwa kwa kibofu. Huko Uingereza Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyezaliwa mwaka 1899 na aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa tarehe 1 Februari 1944 wodi ya majeruhi wa vita katika hospitali ya Stoke Mandeville. Guttmann aliwaondolea wagonjwa wake magamba ya plasta yaliyokuwa yakiwachuna ngozi, akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na alikuwa na tabia ya kutokea wodini usiku wa manane ili kuhakikisha kwamba amri hiyo inatekelezwa. Michezo ya wenye ulemavu aliyoianzisha mwaka 1948 kwa washindani 16 wa kulenga mishale ndiyo iliyompa umaarufu duniani, lakini mchezo haukuwezekana kwa mtu mwenye mfupa wazi kiunoni, na aliyeufanya uwezekane ni muuguzi na msaidizi wake wa zamu ya usiku, watu ambao kumbukumbu za hospitali hazikuwatendea haki.

Muda wa saa mbili, ambao hadi leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi vya Afrika Mashariki kama kanuni isiyohitaji maelezo, haukutokana na jaribio lililolinganisha saa mbili na saa tatu au nne. Yako masimulizi yanayorudiwa mara kwa mara kwamba wasaidizi wa wodi walihitaji takriban saa mbili kuwageuza wagonjwa wote, na walipomfikia wa mwisho ilikuwa zamu ya wa kwanza tena. Simulizi hilo liwe kweli au lisiwe, kanuni ilitangulia na ushahidi ukaja nyuma yake kwa miongo mingi, jambo ambalo ni la kawaida katika historia ya utabibu kuliko wataalamu wanavyopenda kukiri.

Miongoni mwa wa kwanza kuzihoji kwa hesabu desturi za kuzuia vidonda alikuwa muuguzi. Doreen Norton, akishirikiana na Rhoda McLaren na daktari A. N. Exton-Smith, alichapisha mwaka 1962 matokeo ya uchunguzi wa matatizo ya uuguzi kwa wazee waliolazwa, ambao miongoni mwao walikuwapo wengi waliopooza kwa kiharusi. Ili kuweza kulinganisha wagonjwa, watafiti hao walibuni kipimo chenye vipengele vitano, yaani hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza kitandani, na uwezo wa kuzuia haja, kila kipengele kikipewa alama kuanzia 1 hadi 4, hivi kwamba mwenye jumla ya 14 au chini yake alihesabiwa kuwa hatarini. Kipimo kilitengenezwa kama zana ya utafiti tu, lakini wodi zilikichukua na kukifanya chombo cha kazi ya kila siku. Lililokuwa na makali zaidi ni jambo jingine. Kwa vizazi kadhaa wauguzi wa Uingereza walikuwa wamefundishwa kuisugua ngozi ya mgonjwa kwa spiriti, kuipaka marhamu, na hata kuweka ute wa yai juu ya kidonda na kuupuliza kwa oksijeni, na kila muuguzi mkuu wa wodi alikuwa na dawa yake aliyoiapia. Uchunguzi wa Norton haukuona faida ya maana katika vipakaji hivyo, bali katika kumwondolea mgonjwa mgandamizo kwa kumgeuza mara kwa mara. Kwa maneno mengine, nusu ya kazi iliyochosha mikono ya wauguzi haikuwa na faida, na nusu nyingine ilikuwa na faida kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na hapakuwa na njia ya kuzitenganisha ila kuhesabu.

Kuhusu kibofu, habari ni fupi zaidi. Guttmann na Hans Frankel walionyesha mwaka 1966 kwamba kuutoa mkojo kwa mpira unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa kadhaa, kwa usafi wa chumba cha upasuaji, kulipunguza maambukizi kuliko kuuacha mpira ndani. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Michigan na wenzake, akiwamo muuguzi Betty Lowe ambaye jina lake lilichapishwa pamoja na ya madaktari, walieleza kwamba usafi wa kawaida wa kunawa mikono ulitosha, na kwamba mgonjwa mwenyewe angeweza kujifanyia nyumbani. Watu wengi wenye majeraha ya uti wa mgongo wanaofikia uzee leo wanadaiwa na ugunduzi huo.

Kwa mgonjwa wa ubongo tatizo lilikuwa la aina nyingine, kwani kabla ya kumtunza ilibidi kuweza kusema yuko katika hali gani. Hadi miaka ya 1970 daktari mmoja aliandika kwamba mgonjwa amezimia nusu, mwingine akaandika kwamba amelewa usingizi, na muuguzi aliyepokea zamu hakuweza kujua kama maneno hayo mawili yanaeleza hali moja au kama mgonjwa amezorota tangu jioni, ilhali kuzorota kwa saa moja kunaweza kuwa na maana ya damu inayojaa ndani ya fuvu na kuhitaji upasuaji papo hapo. Tarehe 13 Julai 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, wapasuaji wa ubongo wa Glasgow, walichapisha katika jarida la The Lancet kipimo kilichoacha kabisa kutaja majina ya hali za fahamu na badala yake kikauliza mambo matatu yanayoonekana kwa macho: mgonjwa hufumbua macho kwa sababu gani, hujibu kwa maneno ya namna gani, na viungo vyake huitikia vipi anapoamriwa au anapobanwa ukucha. Mwanzoni hapakukusudiwa jumla, bali kila jibu liandikwe peke yake kwenye chati. Alama za kuanzia 3 hadi 15 zilikuja kuzoeleka baadaye, baada ya kipengele cha viungo kuongezwa ngazi moja, na wapo wanaoamini, kwa sababu nzuri, kwamba jumla huficha mengi kuliko inavyofichua.

Kilichokifanya kipimo cha Glasgow kienee duniani kilikuwa uwezo wa muuguzi kijana kukitumia saa tisa za usiku na kupata jibu lilelile ambalo angelipata profesa asubuhi. Teasdale alilijua hilo, na mwaka 1975 aliandika maelezo yake katika Nursing Times, jarida linalosomwa na wauguzi wenyewe. Tangu hapo chati ya muuguzi iliacha kuwa kumbukumbu ya wodi ikawa chanzo cha takwimu, na tafiti nyingi za majeraha ya kichwa zilizofuata zimesimama juu ya alama zilizoandikwa na wauguzi ambao hawakutajwa katika ukurasa wa kwanza.

Barani Afrika kipimo hicho kilikutana na mgonjwa ambaye hakikutengenezwa kwa ajili yake, yaani mtoto mdogo asiyejua kusema bado, aliyezimia kwa malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 1989 Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Blantyre, Malawi, walichapisha kipimo chenye alama 0 hadi 5, ambacho badala ya kuuliza maneno huuliza kilio, na badala ya kuuliza ufumbuaji wa macho huangalia kama mtoto anaufuata kwa macho uso wa mama yake. Alama 2 au chini yake huhesabiwa kuwa koma. Kipimo cha Blantyre kikawa lugha ya pamoja ya tafiti za malaria kali katika Afrika, pamoja na zile za Kilifi katika pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka huohuo wa 1989.

Wakati huo uuguzi wa wagonjwa hawa ulikuwa umeanza kujitambua kama taaluma yenye maswali yake. Chama cha wauguzi wa upasuaji wa ubongo cha Marekani kiliundwa mwaka 1968 na jarida lake likaanza mwaka uliofuata, ambao ndio mwaka shirikisho la dunia la wauguzi hao lilipoundwa pia. Vyama na majarida, hata hivyo, havifanyi utafiti. Maswali ndiyo hufanya utafiti, na swali gumu kuliko yote liliulizwa Seattle. Nils Lundberg wa Sweden alikuwa ameonyesha mwaka 1960 kwamba shinikizo ndani ya fuvu, yaani msukumo wa damu, majimaji na nyama za ubongo ndani ya kisanduku cha mfupa kisichotanuka, linaweza kupimwa mfululizo kwa mrija. Kama shinikizo hilo hupanda na kushuka kila dakika, muuguzi anapomgeuza mgonjwa, anapomvuta makohozi au anapozungumza kando yake, hulifanya nini?

Pamela Mitchell na Nancy Mauss, waliouliza swali hilo Seattle, walichapisha mwaka 1978, katika jarida la Nursing Research, uchunguzi mdogo wa awali wa wagonjwa wachache waliokuwa wamewekewa mrija ndani ya ubongo, wakilinganisha kile muuguzi alichokuwa akifanya na kile mrija ulichoonyesha. Kugeuzwa kulihusiana na kupanda kwa shinikizo, na hata mazungumzo kuhusu hali ya mgonjwa yaliyofanywa kando ya kitanda chake yalionekana kuwa na athari, jambo lililowashtua waliokuwa wamezoea kumjadili aliyezimia kana kwamba hayupo. Mwaka 1981 Mitchell na wenzake waliendelea kupima athari za kumsogeza mgonjwa kitandani, wakaona kwamba kazi zilizofuatana kwa karibu zinaweza kulimbikiza athari zake, ilhali zilizopewa nafasi ya kutosha kati yake hazikulimbikiza. Hapa desturi ya kumgeuza, iliyookoa maisha Stoke Mandeville, ilionekana kuwa na gharama yake kwa mgonjwa wa aina nyingine. Desturi nzuri ya wodi ya kuzikusanya kazi zote pamoja, kuogesha, kubadili shuka, kuvuta makohozi na kugeuza, ili mgonjwa apate kupumzika baadaye, iligeuka kuwa jambo la kufikiriwa upya kwa mgonjwa mwenye shinikizo kubwa kichwani.

Katika kiharusi, ubishi juu ya nafasi ya uuguzi ulipata jibu lenye nguvu mwaka 2011, pale The Lancet ilipochapisha jaribio lililoongozwa na muuguzi mtafiti Sandy Middleton katika vitengo 19 vya kiharusi vya New South Wales, Australia. Vitengo hivyo viligawanywa kwa bahati nasibu, na katika baadhi yake wauguzi walisaidiwa kufuata taratibu za mambo matatu tu katika siku tatu za mwanzo: kushusha homa inapofikia nyuzi joto 37.5, kupima na kudhibiti sukari ya damu, na kuhakikisha kwamba mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kupewa chakula, kinywaji au dawa ya kinywani, kwa kuwa koo lililopooza hupitisha maji hadi mapafuni. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi katika vitengo vya kawaida walikuwa asilimia 58, na katika vitengo vilivyofuata taratibu hizo asilimia 42. Tofauti hiyo haikutokana na dawa yoyote mpya, na ni vigumu kutaja dawa nyingi za kiharusi zinazoweza kujivunia zaidi.

Hesabu, kwa upande mwingine, haimpendelei mtu. Mwaka 2017 jaribio kubwa la wagonjwa 11,093 wa kiharusi katika nchi tisa lililinganisha kulala chali bila mto na kuinuliwa kichwa kwa saa 24 za mwanzo, jambo ambalo wodi zilikuwa zimelibishania kwa ukali kwa miaka, na halikuona tofauti katika ulemavu. Mwaka 2013 Nancy Bergstrom, ambaye pamoja na Barbara Braden alikuwa amechapisha mwaka 1987 kipimo cha hatari ya vidonda kinachotumika sana leo, alitoa matokeo ya jaribio la wazee 942 waliokuwa wakiishi katika nyumba za matunzo za Marekani na Kanada, waliogeuzwa kila baada ya saa mbili, tatu au nne. Vidonda havikutofautiana. Kanuni ya Stoke Mandeville ilikuwa imepimwa hatimaye, karibu miaka 70 baada ya kutolewa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, wanapaswa kuyasoma matokeo hayo kwa uangalifu, kwa sababu wazee wote 942 walilala juu ya magodoro ya sifongo nzito ya kiwango cha juu, na hawakuwa majeruhi wa uti wa mgongo waliopoteza hisia zote chini ya kiuno. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa uti wa mgongo waliolazwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kati ya 2010 na 2014, ulionyesha kwamba kuanguka kutoka juu ndiko kulikoongoza kwa kuleta majeraha, ajali za barabarani zikifuata, na kwamba vidonda vya kulalia vilikuwa miongoni mwa madhara yaliyowapata sana. Utafiti wa kiharusi uliofanywa katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 nao ulionyesha, baada ya kurekebisha tofauti za umri, kwamba kiharusi kipya kilitokea Dar es Salaam kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya kile cha Hai. Katika wodi ambazo muuguzi mmoja huwa na wagonjwa wengi, godoro ni jembamba, na anayegeuza usiku mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa aliyelala sakafuni pembeni mwa kitanda, hakuna jaribio linaloruhusu kurefusha muda hadi saa nne. Kwa mgonjwa huyo, mpaka hapo godoro lake na watunzaji wake wenyewe watakapofanyiwa utafiti, kugeuzwa kila baada ya saa mbili kunabaki kuwa kanuni.